Anko wa Bima anajibu: "Nguzo imenipandishia bima"

Mwezi huu barua zimejaa za madereva wa mjini, na karibu zote zinalia kitu kimoja, ada imepanda. Mimi nilikaa dawati la madai miaka mingi kabla sijaanza kuandika hapa, kwa hiyo mengine nitayasema kama yalivo hata kama hayapendezi. Majina nimeyatoa.

Anko shikamoo. Mwaka jana niligonga mara mbili, zote za foleni tu, ya kwanza niligusa bampa ya mwenzangu kwenye taa, ya pili nilikua narudi nyuma kwenye maegesho nikapiga nguzo. Kampuni ikalipa zote bila longolongo nikawasifia kwa kila mtu. Juzi imekuja bili ya mwaka mpya nikadhani wamekosea jina. Miaka 6 nimelipa sijadai hata senti, leo naitwa dereva hatarishi? Na ile nguzo sikumuumiza mtu!
*Mwenye gari jeupe*

Marahaba mpwa wangu, pole. Tuanze na nguzo, maana ndo inakuuma. Ukigongana na mtu mnaweza kubishana nani kakosea, pengine mkagawana kosa, lakini nguzo haijawahi kukubali kosa hata siku moja, kwa hiyo kosa lote lako, kwenye faili lako inasomeka "dereva alaumiwa" sawasawa na ile ya kwenye taa.

Sasa watu wengi wanadhani kampuni ikipandisha ada inajirudishia hela iliyolipa. Hapana. Ile hela imeshaenda. Wao wanabashiri mwakani utafanya nini, na kwenye kubashiri wanaangalia sana umegonga mara ngapi kuliko umegonga kwa gharama gani. Mtu aliyegonga vidogo viwili ndani ya mwaka mmoja anawatia wasiwasi zaidi kuliko aliyeharibu gari zima mara moja ndani ya miaka kumi, kwa sababu yule wa vidogo ana tabia, huyu mwingine pengine alikua na siku mbaya. Na mjini ndo kwenyewe kwa vidogo: foleni, makutano kila hatua, pikipiki zinapenya kushoto na kulia, maegesho ya kubanana. Barabara kuu watu wanagongana mara chache lakini wakigongana ni vilio. Kwa hiyo kuishi mjini peke yake tayari kunakuhesabia, hapo hujagonga bado.

Kila nchi na kila kampuni ina hesabu zake ila nikuoneshe moja ambayo iko wazi kabisa, ya Ufaransa, maana kule kanuni imewekwa na serikali na iko moja kwa wote. Unaanza na namba 1, ambayo ndo ada yako inazidishwa nayo, kila mwaka usiposababisha ajali hiyo namba inazidishwa kwa 0.95, yani unapunguziwa 5%, mpaka ufike 0.50 ambayo ni nusu ya ada na kufika hapo inakuchukua miaka 13. Ukisababisha ajali moja inazidishwa kwa 1.25. Wewe na bampa yako na nguzo yako kama ungekua unaanza kwenye 1 ungekua 1.56, na juu kabisa wanaishia 3.50. Umeona lakini ulivojengwa huo mpango? Kushuka ni kwa 5%, kupanda ni kwa 25%. Kwengine namba ni tofauti ila mwendo ni huohuo, kushuka kwa ngazi, kupanda kwa lifti.

Kampuni nyingi zinaangalia nyuma miaka 3 mpaka 5, kwa hiyo hiyo lebo sio ya maisha, lakini ndani ya hiyo miaka jifunze kitu ambacho mimi naona ndo siri yote ya dereva wa mjini: bima sio ya mikwaruzo. Chukulia ada yako ni 100. Bampa inatengenezwa kwa 30, eksesi yako, yani ile sehemu unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa kitu, ni 20. Kampuni imekulipa 10. Kumi! Alafu unapoteza punguzo la kutodai, yani ile asilimia wanayokukatia kwenye ada kwa kumaliza mwaka bila kudai, tuseme 20 kila mwaka kwa miaka mitatu, hapo umenunua hiyo kumi kwa 60. Nimeona watu wamefanya hivo wakiwa wanatabasamu wakaniambia asante.

Ila tahadhari moja na usiiruke, kuripoti na kudai ni vitu viwili. Mikataba mingi inakutaka uwajulishe ajali yoyote hata kama hutaki walipe, na kuna sababu, yule mlieachana vizuri kwenye taa mkapeana mikono anaweza kuja baada ya wiki tatu anasema shingo inauma. Kama kampuni haikujua chochote watakugeuzia kibao. Kwa hiyo unawaandikia, ajali imetokea tarehe fulani, picha hizi hapa, ukarabati wa gari langu nalipa mwenyewe.

Kwa mwaka huu basi, omba kadirio kwa kampuni zingine tatu au nne au pitia kwa dalali wa bima, maana kampuni haziogopi vitu vilevile, nyingine inaogopa umri, nyingine inaogopa mtaa, nyingine inaogopa historia kama yako. Ukiulizwa ajali zako zitaje zote mbili, nguzo pia. Waulize wakupandishie eksesi ada inashuka kiasi gani, ila usiweke eksesi ambayo leo ukiambiwa utoe huna. Alafu utakutana na kitu kinaitwa kulinda punguzo, unaongeza kidogo ili ukidai punguzo lisiguswe. Ni kizuri lakini kielewe, kinalinda ile asilimia yako tu, ada yenyewe ambayo asilimia inakatwa humo haijalindwa na wanaweza kuipandisha.

Mambo anko, mi nina miaka 21, leseni ina miezi 8. Kampuni ya kwanza wamenitajia ada nikacheka, ya pili nikaacha kucheka. Washkaji wanasema niandike bima kwa jina la maza yeye ni dereva wa siku nyingi hana kosa, alafu mimi niwe dereva wa pili. Wengi wanafanya hivo. Kuna noma?
*Kijana wa gia*

Poa kijana. Noma ipo.

Swali la kampuni halikua gari ni la nani, lilikua nani analiendesha zaidi. Kama kweli maza ndo anaendesha kila siku na wewe unalichukua jumamosi kwenda kumuona mtu, hiyo halali kabisa andika hivohivo. Lakini kama unaenda nalo chuo kila siku na maza anapanda kama abiria, huo ni udanganyifu, na ubaya wake hauonekani siku ya kulipia. Siku ya kulipia kila mtu anafurahi. Unaonekana siku umegonga, anakuja mkadiriaji mpole anakuuliza maswali ya kawaida tu, ulikua unatoka wapi, huwa unapark wapi mchana, kiti mbona kimesogezwa nyuma hivi kama mama ndo anaendesha. Mimi nimekaa upande huo wa meza. Mkataba unaweza kufutwa kama vile haujawahi kuwepo, gari lako hulipwi, aliyegongwa pengine analipwa kwa sababu sheria inamlinda lakini kampuni inakugeukia wewe kudai irudishiwe. Na maza naye anabaki na doa kwenye jina lake, kila fomu ya bima atakayojaza baadae kuna kale kaswali "umewahi kufutiwa bima?"

Unachoweza kufanya ni kinyume chake: wewe uwe dereva mkuu, maza awe wa pili kama kweli analitumiaga, saa ingine hiyo peke yake inashusha ada kwa sababu wanahesabu kwamba baadhi ya kilomita anaendesha mtu mzima. La pili ni kifaa cha kufuatilia, kuna kampuni zinakufungia kiboksi au programu ya simu inaangalia mwendo, breki za ghafla, kona, na saa unazoendesha. Usiku wa manane ndo saa mbaya kuliko zote kwa vijana. Ukiendesha vizuri mwaka ukiisha wanakushushia, ukiendesha kihuni nao wanaona kila kitu, kwa hiyo usikubali kifaa kama unajijua.

Na gari lenyewe. Injini ndogo, spea zinapatikana kirahisi, halijachezewa. Rimu kubwa na egzosi ya kelele ukibadilisha bila kuwaambia wanaweza kukataa kulipa kwa sababu sio lile gari walilokubali. Kingine ni muda tu kijana, kila mwaka safi unashuka, na ukifika kwenye miaka 25 hivi kampuni nyingi zinaanza kukuona mtu.

Eti anko ni kweli wanawake tunatozwa bima ndogo kwa sababu tunaendesha vizuri? Mume wangu anabisha.
*Mama wawili*

Dada, mmepata wote nusu nusu. Inategemea mpo wapi. Kwa muda mrefu sehemu nyingi wanawake hasa wadogo walikua wanatozwa kidogo kwa sababu vijana wa kiume wanagonga zaidi na vibaya zaidi. Lakini kwenye Umoja wa Ulaya mahakama yao ya haki iliamua tarehe 1 Machi 2011 kwamba jinsia isitumike kupanga bei ya bima, ikaanza kufanya kazi 21 Desemba 2012, baada ya hapo kule mwanamke na mwanaume wenye historia moja wanatajiwa bei moja. Kwa hiyo mwambie mumeo kwenye kuendesha umeshinda, kwenye bei muangalie sheria.

Habari. Nimeanza kufanya teksi mtandao jioni baada ya kazi, gari ni langu, nina bima kubwa ya gari binafsi, ile inayolipa mpaka gari langu mwenyewe. Jamaa mmoja kaniambia niko uchi. Nimekasirika kidogo, bima nimelipia yote.
*Wa saa kumi na mbili jioni*

Jamaa yako kasema kweli, mnunulie soda.

Bima inaangalia matumizi. Binafsi maana yake kwenda kazini, sokoni, msibani, safari zako. Ukianza kubeba mtu anayelipa hiyo ni biashara, na mikataba mingi ya binafsi ina kipengele kimoja kifupi kinachosema haihusu kubeba abiria kwa malipo, watu hawakisomi kwa sababu siku ya kusaini hawakua wanafanya teksi. Na kampuni ina hoja, wewe uliekua unaendesha lisaa limoja kwa siku sasa unaendesha saa sita, usiku, mitaa huijui, jicho moja kwenye simu linasubiri oda ilie.

Hapa kuna vipande vitatu vya muda na uviulize kimoja kimoja. Cha kwanza programu umeizima, unaenda zako nyumbani, hapo bima yako binafsi inafanya kazi kama kawaida. Cha pili umeiwasha unasubiri, hujapata mteja. Cha tatu umekubali oda unamfuata mteja au yuko ndani ya gari. Kampuni za teksi mtandao sehemu nyingi zina bima ya kile kipande cha tatu, lakini isome inamlipa nani, nyingine inamlipa abiria na waliogongwa ila gari lako haligusi. Kipande cha pili ndo shimo lenyewe, bima yako binafsi inasema ulikua kazini, kampuni ya programu inasema hukua na mteja, mnabaki wewe na bampa yako. Dawa ni kumpigia wakala wako umwambie ukweli aongeze matumizi ya biashara, au uhamie bima ya teksi. Itapanda, tena inaweza kupanda vibaya, piga hesabu kama jioni zako bado zinalipa baada ya hapo. Zisipolipa basi hiyo kazi ilikua inakulipa kwa hela ya bima ambayo hukuilipa.

Kijana wangu, mimi ni mzee, gari langu lina miaka 19 na linanifikisha. Watoto wanataka niendelee na bima kubwa. Mimi nataka thedi pati tu niokoe hela. Halafu nikiendelea na bima kubwa niliandike thamani ndogo, si ndiyo ada itapungua?
*Mzee wa gari moja*

Shikamoo mzee wangu. Kwenye la kwanza naegemea kwako, kwenye la pili naomba usifanye.

Thedi pati inalipa wale uliowagonga, wewe na gari lako hapana. Ndo maana serikali zinailazimisha hiyo na sio bima kubwa, Massachusetts kule Marekani walianza 1927, Uingereza wakatunga sheria yao 1930, magari yalikua yameanza kuua watu na wenye magari hawana cha kulipa. Katikati kuna ile ya thedi pati pamoja na moto na wizi, madereva wa mjini wanaisahau sana, gari kuukuu lenye spea zinazotafutwa linaibwa kirahisi kuliko jipya. Swali langu kwako mzee ni moja, gari likiisha leo unaweza kupata lingine la aina hiyo bila kuuza kitu? Kama ndio, shuka kwenye thedi pati. Ada ya bima kubwa ya miaka michache inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe, na ukidai utalipwa bei ya soko ya siku ile, sio mapenzi yako nalo.

Ila angalia kikomo, yani kampuni italipa mpaka kiasi gani kwa mtu utakaemuumiza au mali utakayoharibu. Hapo ndo pasibanwe hata senti. Gari lako linaweza kuwa la bei ndogo lakini utakaloligonga kwenye foleni hulichagui, na mguu wa mtu hauna bei ya gari kuukuu. Kama kuna nafasi ya kuongeza kikomo ongeza, mara nyingi nyongeza yenyewe ni ndogo ukilinganisha na unachopata.

Kuhusu kupunguza thamani, wanakuwekea mtego unaitwa uwiano. Gari lina thamani ya 10, wewe umeandika 6. Limegongwa, hasara ni 5. Unadhani utalipwa 5 kwa sababu iko ndani ya 6, lakini wao wanasema ulilipia sita ya kumi ya gari, tunakulipa sita ya kumi ya hasara, yani 3, alafu eksesi inatoka hapohapo. Na kinyume chake nacho ni hasara, ukiandika 15 utalipa ada ya 15 na likiisha wanakupa 10.

Kampuni tatu zimenikataa. Niliwahi kufungiwa leseni kwa pombe, nimeshamaliza adhabu, sinywi tena. Naambiwa sina bima, bila bima sina gari, bila gari sina kazi. Nifanyeje?
*Nimejirekebisha*

Ndugu yangu, hongera kwa hilo la kuacha, nalimaanisha. Kwanza usifiche, kosa la pombe liko kwenye rekodi na kampuni ya nne italiona. Pili acha kuzunguka mwenyewe, tafuta dalali anayeshughulika na madereva waliokataliwa, wapo, na kuna kampuni biashara yao ni hao tu, ada inauma lakini mlango uko wazi. Tatu uliza kwa msimamizi wa bima wa nchi yako kama kuna utaratibu wa waliokataliwa. Ufaransa kuna ofisi maalumu inayoweza kuilazimisha kampuni ikubebe kwenye ile bima ya lazima, Marekani majimbo yana mpango wa kuwagawa madereva wa aina hii kwa makampuni ili kila moja libebe fungu lake. Kule kule Marekani majimbo mengi utadaiwa karatasi inaitwa SR-22, watu wanaiita bima lakini sio bima, ni cheti tu kampuni inaipelekea serikali kuthibitisha kwamba una bima, na ukikatisha malipo kampuni inawajulisha na leseni inaweza kufungiwa tena. Kwa hiyo kwa mtu kama wewe kubwa kuliko punguzo lolote ni kutokatisha. Bora ulipe kwa mafungu hata kama mafungu yana riba, kuliko uache pengo la mwezi mmoja, pengo lenyewe nalo linahesabiwa kama hatari.

Anko gari limeibiwa. Niliacha linanguruma nikaingia kuchukua mzigo dakika mbili. Nina bima kubwa. Watalipa?
*Dakika mbili*

Pole sana. Ripoti polisi leo, sio kesho, alafu kampuni siku hiyohiyo. Kisha chukua mkataba utafute kipengele cha uangalizi wa gari, mikataba mingi ina mstari unaosema wizi haulipwi kama ufunguo uliachwa ndani au kwenye swichi, na wako una hali mbaya kidogo. Usibadilishe hadithi, eneo lile inawezekana kuna kamera. Andika ilivotokea, umbali uliokuwepo, kama ulikua unaliona gari muda wote, maana hapo ndo mnaweza kubishana. Na ufunguo wa pili uko wapi? Utafute sasa hivi, ndo kitu cha kwanza watakachokuomba.